Kabla ya kuchimba uani, zunguka Nairobi kwanza

HUENDA nyumba yako hapa Nairobi ina kipande cha ardhi nyuma ya jikoni ambacho hakijawahi kupewa jina isipokuwa "huko nyuma". Hapo pana kamba ya nguo, tangi la maji, ndoo mbili zilizopasuka, mgomba ambao hakuna anayekumbuka ulipandwa na nani, na tuta la sukuma wiki lililobaki vishina virefu vyenye majani matatu kileleni. Kila mwaka masika yanapokaribia, familia huketi mezani ikaamua kwamba mara hii bustani itapangwa upya. Baba anataka nyasi, mama anataka mboga, watoto wanataka pa kuchezea mpira. Wiki mbili baadaye fundi huitwa, uwanja wote ukamwagiwa saruji, na mjadala ukaishia hapo.

Kabla hamjafika huko, tengeni Jumapili moja mfanye safari. Si safari ya Mombasa wala ya Maasai Mara. Ni ya matatu, ya kuzunguka jiji hili hili mnaloishi, mkiwa na daftari la hesabu lenye viboksi, tepu ya kupimia na mifuko miwili midogo ya kutilia udongo. Watu wengi hupanga bustani kwa kutazama picha za bustani za watu wengine. Mimi nasema uani hupangwa kwa mambo matatu ambayo hayaonekani kwenye picha: udongo ulio chini, maji yanakotoka na yanakokwenda, na jua. Yote matatu hubadilika ukivuka Nairobi kutoka upande mmoja hadi mwingine, na nauli ya kwenda kuyaona ni ndogo kuliko bei ya mfuko mmoja wa saruji.

Anzieni Kabete. Pandeni matatu ya Waiyaki Way mpaka upande ule ambako Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia kilimo. Hapo mko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na hata hewa mtaisikia tofauti. Tafuta mahali ambapo ukingo wa barabara umekatwa wima. Udongo ni mwekundu kutoka juu mpaka chini, wala huoni mwamba. Ni mawe ya volkeno yaliyooza kwa muda usiohesabika. Chukua konzi moja, ilowanishe kidogo, uifinye kisha uiguse kwa kidole. Itameguka vipande vidogo kama makombo ya mkate. Maana yake ni kwamba mvua ikinyesha maji huteremka, na mizizi nayo huyafuata. Kahawa ya Kiambu imesimama juu ya udongo wa namna hii.

Sasa utaelewa kwa nini bustani za Loresho, Muthaiga na Karen hupendeza vile. Wenye nyumba hizo hawana uchawi, na wengi wao hawajui hata mahali jembe linapowekwa. Wamekalia udongo mzuri tu, na mvua yao ni nyingi kuliko ya upande wa Embakasi. Hata hivyo, udongo mwekundu nao una ila yake. Mvua huosha chakula chake kikazama chini, na mara nyingi huwa na uchachu, kwa hiyo huomba samadi kila msimu. Ukiuacha wazi kiangazi hugeuka vumbi linaloingia mpaka kwenye sufuria. Tia konzi mbili katika mfuko wa kwanza, uandike "Kabete", kisha mteremke.

Mkifika mjini, pandeni kwa miguu kupitia State House Road mpaka Arboretum. Kuna ada ndogo langoni, na watoto watafurahi kuwaona tumbili, ila wafiche vitafunio vyao. Bustani hii ilianzishwa mwaka 1907, na si kwa ajili ya mandari. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, magari ya moshi yalikula kuni nyingi, na serikali ya kikoloni ilitaka kujua ni miti gani ya kigeni ingekua haraka hapa. Ndiyo maana ukitembea humo unakutana na miti kutoka Australia, Asia na Amerika Kusini iliyosimama bega kwa bega na ya kwetu.

Sisi tumekuja kwa jambo moja: kupima. Ule mche wa mukima unaouzwa ukiwa na urefu wa rula ya shule, ukikua hupita mita 20. Jakaranda, ambao asili yake ni Amerika Kusini na ambao hulifanya jiji kuwa la zambarau kila Oktoba, hutandaza matawi kwa upana unaoweza kufunika nyumba nzima ya mtaani. Simama chini ya mti mkubwa wowote, mwambie mtoto atembee kutoka shinani hadi mwisho wa kivuli akihesabu hatua. Aandike. Halafu mtazame mizizi ya mikuyu, jinsi inavyopasua njia na kuinua mawe. Mkirudi nyumbani, hesabu hizo za hatua zitamaliza mabishano mengi kuhusu mti gani upandwe nyuma ya jikoni.

Kutoka hapo nendeni Parklands, kwenye soko la City Park kando ya Limuru Road, linalojulikana kwa maua na mboga. Mtapita barabara iliyokuwa ikiitwa Forest Road, ambayo leo ina jina la Profesa Wangari Maathai. Ni vizuri kuwakumbusha watoto kwamba kazi yake haikuanza na msitu mkubwa. Ilianza tarehe 5 Juni 1977 kwa miti 7 iliyopandwa Kamukunji, na mingi kati ya hiyo haikudumu. Yeye hakuishia hapo, lakini jambo hilo lafaa kukumbukwa na kila anayenunua miche kwa furaha ya siku moja. Kuchimba shimo ni kazi ya nusu saa. Kumwagilia ni kazi ya viangazi viwili.

Ndani ya bustani ya City Park yenyewe, karibu na soko, pana kaburi la Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965, na karibu naye amelala rafiki yake Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, pamoja na mkewe Sheila. Dakika kumi za hapo zitamfaa mwanafunzi wa historia kuliko sura moja ya kitabu. Turudi kwenye miche.

Wauza miche wa Nairobi, wawe ni wa sokoni au wale wa kando ya Kiambu Road na wa njia ya kwenda Karen, ni watu wachangamfu na wana majibu ya kila swali. Ukiuliza kama mti hautakuwa mkubwa sana, jibu ni kwamba hautazidi kimo hiki. Ukiuliza kama utakuwa mkubwa haraka, jibu ni kwamba mwaka mmoja tu utakaa chini yake. Mara nyingi huwa ni mti ule ule! Kwa hiyo usiulize sana, tazama. Inua mche uone chini ya mfuko. Mizizi ikiwa imetoka nje na kujizungusha kama kamba, mche huo umekaa humo mno na utasumbuka kuushika udongo. Ukinunua parachichi, tafuta kovu la kupandikiza juu kidogo ya udongo. Mche uliopandikizwa unaweza kuanza kuzaa baada ya miaka mitatu hivi, na hubaki mdogo kiasi. Ule ulioota kwa kokwa tu utawangojesha miaka mingi zaidi, na hamtajua tunda lake litakuwaje.

Lakini leo msinunue chochote. Najua ni vigumu, hasa kwa mama aliyekwisha kuona waridi jekundu. Safari bado, na upande wa pili wa jiji utabadilisha orodha yenu.

Shukeni mjini, mkapande matatu ya Jogoo Road. Mnapopita City Stadium kuelekea Makadara, na baadaye Donholm, Umoja na Kayole, tazameni mitaro inayochimbwa na viwanja vilivyo wazi. Wekundu umetoweka. Mpaka mfike Embakasi mtakuwa mmeshuka takriban mita 300 kutoka Kabete, na ardhi imekuwa nyeusi. Huu ndio udongo ambao mafundi wa ujenzi huuita blak koton. Kiangazi hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mkono wa mtoto. Masika hukamata viatu, na ukivuta mguu unatoka na soksi peke yake.

Chukua konzi yake uilowanishe kama ulivyofanya Kabete. Hii haimeguki. Unaweza kuiviringisha ikawa kama nyoka mwembamba na hata kuikunja bila kuivunja. Udongo huu hunywa maji ukavimba, ukikauka hunywea. Mjenzi anayejua kazi yake huuondoa wote mpaka afikie ardhi ngumu kabla ya kuweka msingi. Nyumba iliyojengwa bila kujali hilo, au yenye mti mkubwa unaonyonya maji upande mmoja wa ukuta, baadaye huonyesha mipasuko kutoka kwenye pembe za madirisha. Hapa ndipo daftari la hatua mlizohesabu Arboretum linapoanza kulipa. Mkalitusi au mukima kwenye uwanja wa mita 6 kwa 7 huku Eastlands hauwi pambo, unakuwa kesi na jirani.

Mtu asije akakwambia kwamba udongo mweusi ni mbaya. Una chakula kingi kuliko ule mwekundu na hutunza unyevu kwa muda mrefu. Taabu yake ni hewa. Ukimwagilia kupita kiasi, mizizi hufa maji kama mtu asiyejua kuogelea. Usiuchimbe ukiwa umelowa wala ukiwa umekauka kama jiwe. Kuna siku chache katikati, baada ya manyunyu ya kwanza, ambazo jembe huingia vizuri. Wenyeji wa mitaa hii wanazijua siku hizo na huzingojea.

Sasa ingieni Buruburu. Mtaa huu ulijengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, na waliouchora waliipa kila familia kipande mbele na kipande nyuma, pamoja na nafasi ya kuongeza vyumba familia ikikua. Tembeeni polepole mkitazama juu ya mageti. Katika nyumba nyingi kipande hicho hakipo tena. Pamejengwa vyumba vya kupangisha, vibanda vya kuuzia, au pamewekwa kabro kutoka ukuta hadi ukuta kwa ajili ya gari.

Sitamlaumu mtu kwa hilo. Chumba cha kupangisha ni karo ya mtoto, na hakuna tuta la sukuma litakaloleta pesa kama hizo. Ila wenye nyumba wafanye hesabu moja zaidi kabla ya kuamua, nayo ni hesabu ya maji. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba huwa lita moja kamili. Uwanja wa mita 6 kwa 7 ni mita za mraba 42. Mvua kubwa ya jioni moja ikiwa milimita 30, uwanja huo peke yake hupokea lita 1,260, karibu madumu 63 ya lita 20. Penye udongo na mimea, sehemu nzuri ya maji hayo huzama. Penye saruji, yote hukimbilia kwenye mtaro, na mtaro huo huo unapokea ya jirani na ya jirani wa jirani.

Mwaka 2024, kati ya Machi na Mei, tuliona mwisho wa hesabu hiyo. Mafuriko yaliua zaidi ya watu 200 nchini, na hapa Nairobi waliokuwa kando ya mto Mathare walipoteza nyumba na jamaa zao. Mvua ilikuwa kubwa kupita kawaida, mito ilikuwa imejengewa, mitaro imeziba. Hakuna anayesema uani mmoja ungeyazuia. Lakini nyua zote zilizofunikwa, kuanzia miteremko ya juu kabisa, humwagia maji yake watu wale wale walio bondeni. Unapoamua kuacha nusu ya uwanja wako bila saruji, unaamua pia jambo linalomhusu mtu usiyemjua huko chini.

Basi rudini nyumbani na mifuko yenu miwili. Chimbeni uani sentimita 30 hivi, mlinganishe. Huenda msipate wekundu wala weusi, bali vifusi: vipande vya matofali, kokoto na murram iliyoachwa na wajenzi. Ni jambo la kawaida sana katika mitaa mipya, na bila shaka ndicho kilichokuwa kikiwanyima mboga miaka yote hiyo.

Kisha jua. Vitabu vingi vya bustani tunavyoviona madukani viliandikwa Uingereza, na humo utasoma kwamba ukuta unaotazama kusini ndio wenye joto. Huko jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima. Sisi Nairobi tuko nyuzi 1 na dakika 17 tu kusini ya ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, Desemba liko kusini. Ukuta wa mita mbili na nusu, saa sita mchana, hutupa kivuli cha zaidi kidogo ya mita moja upande wa kusini mwezi Juni. Desemba kivuli hicho huhamia upande wa kaskazini, urefu ukikaribia kuwa ule ule. Mwanafunzi wa jiografia na awekewe kazi: achore kwa chaki kingo za kivuli saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi, Juni na tena Desemba. Mahali panapopata jua saa sita hivi kwa siku ndipo pa mboga. Pengine panatosha dania, mnanaa na maua ya kivulini. Na ghorofa la jirani likiwa mashariki, jua la asubuhi lihesabuni kuwa ni lake.

Sasa fungueni daftari. Kiboksi kimoja kiwe nusu mita. Choreni kwanza vitu visivyohamishika: kuta, mlango wa jikoni, shimo la maji machafu, tangi, kamba ya nguo. Usiifukuze kamba ya nguo. Bustani iliyomnyima mtu pa kuanikia haitamaliza mwaka. Choreni kisha mshale wa maji: yanaingilia wapi mvua ikinyesha, yanasimama wapi, yanatokea wapi. Ndipo mpange matuta.

Tuta linalofikiwa kutoka pande zote mbili lisizidi upana wa mita 1.2, ili mkono ufike katikati bila mtu kukanyaga udongo. Linaloegemea ukuta liwe sentimita 60. Njia ziwe sentimita 45, na ile inayokwenda tangini iwe pana zaidi, kwani mtu mwenye ndoo mbili ni mpana kuliko anavyodhani. Kwenye udongo mweusi inueni tuta sentimita 30 kwa kulizungushia mawe, yale ya Ndarugo yaliyobaki baada ya ujenzi yanatosha, mlijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyoiva na mchanga mkavu wa mto. Kwenye udongo mwekundu fanyeni kinyume: tuta liwe sawa na ardhi au chini kidogo, lifunikwe matandazo ya nyasi kavu ili maji yasiruke. Hili ndilo kosa linalorudiwa na mafundi wengi wa bustani jijini. Wana mchoro mmoja wanaoutembeza kutoka Runda hadi Kayole, na wateja huulipia.

Tuta la mita 1.2 kwa 3, ukipanda sukuma wiki kwa nafasi ya sentimita 45, linabeba miche 21. Msipande sukuma mahali pale pale msimu baada ya msimu, wala kuifuatisha na kabichi. Hao ni ndugu na wadudu wao ni wamoja. Wekeni kunde katikati, zenye kurudishia udongo nguvu, kisha managu na terere ambazo bibi zetu walizichuma bila kununua mbegu. Faida si ya mfuko tu. Mnajua jinsi wakazi wa jiji wanavyonunua mboga wakiwa na wasiwasi kuhusu maji yaliyozikuza, kwa kuwa wengi wameona kwa macho mashamba yaliyo kando ya mito ya maji machafu. Mboga ya uani maji yake unayajua. Ya kusuuzia nguo yasiyo na sabuni nyingi yanafaa, mradi yamwagwe shinani na siyo juu ya majani.

Kama umepanga na uani si wako, au unaishi ghorofani, usifunge gazeti. Baada ya ghasia za mwanzoni mwa 2008, familia nyingi za Kibera zilipanda mboga kwenye magunia. Gunia hujazwa udongo na samadi, katikati ukasimamishwa mhimili wa mawe madogo kwa kutumia mkopo usio na kitako unaovutwa juu kadiri gunia linavyojaa. Maji humwagwa kwenye mawe yakasambaa ndani, na miche hupandwa juu na ubavuni. Ukihama unakwenda nalo. Na kwa wanaoogopa askari wa jiji, Nairobi imekuwa na sheria yake ya kilimo cha mjini tangu mwaka 2015, inayotambua na kusimamia kazi hii ambayo zamani ilifanywa kwa kujificha.

Yaliyobaki yagaweni kwa miaka, kwa sababu bustani nyingi hufa kwa kutaka kumalizwa mwezi mmoja. Mwaka wa kwanza ni wa maji. Wekeni gata na tangi. Paa la mita za mraba 50 likipigwa na mvua ya milimita 20 linamwaga lita 1,000, yaani tangi zima kwa jioni moja. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na kila Mnairobi anajua siku ambazo mfereji hukoroma bila kutoa tone. Pesa mlizokusudia kununulia nyasi na maua, tieni hapa, hata kama wageni hawatalisifu tangi.

Mwaka wa pili ni wa njia na matuta. Njia isifunikwe saruji. Kokoto au mawe bapa yaliyoachiwa nafasi katikati hupitisha maji chini. Mwaka wa tatu ndio wa mti. Uwanja wa ukubwa tuliosema unatosha mti mmoja, na wenye hekima huchagua wa matunda: parachichi iliyopandikizwa, mpera au mlimau. Mwenye nafasi zaidi, hasa kwenye udongo mwekundu, aufikirie muringa, mti wetu wenye maua meupe ambayo nyuki huyapenda, au muu wenye maua ya njano. Siku ya 13 Novemba 2023 serikali ilitoa mapumziko ya taifa ili watu wapande miti, katika lengo la miti bilioni 15 ifikapo 2032. Wengi tulisafiri mbali kupanda miche ambayo hatujairudia tena. Wa nyuma ya jikoni unauona kila unapoosha vyombo.

Nyasi ziwe za mwisho. Zile ngumu zinazotambaa, ambazo ulimwengu mzima huziita kwa jina la Wakikuyu, zilitoka nyanda zetu hizi za juu zikachukuliwa mpaka Australia na California kwa kufunika viwanja. Zinastahimili kukanyagwa, kwa hiyo watoto na mpira wao wazipate. Lakini zitaingia kwenye matuta msimu wa kwanza tu msipozika mawe au mabati ya kuzizuia, kina cha sentimita 30. Nyasi za Pemba ni pana na laini machoni, hupenda kivuli kidogo, na hazipendi mpira. Baba na watoto wajadiliane.

Masika huanza katikati ya Machi, kwa hiyo matuta yawe tayari mwishoni mwa Februari, na shimo la mti liwe limechimbwa mapema, sentimita 60 kila upande, udongo wa juu ukiwekwa kando na wa chini kando. Kabla ya kupanda, jazeni shimo hilo ndoo mbili za maji mtazame saa. Yakizama ndani ya saa chache, pandeni jioni hiyo hiyo. Yakilala mpaka asubuhi, hapo si pa mti; sogezeni hatua tatu mchimbe tena.